Kurudi Kwenye Gemu za Kompyuta Baada ya Miaka Mingi: Shajara ya Mradi, Tanga 2025

Shajara hii naiandika kwa ajili ya mtu aliyekuwa mchezaji hodari wa gemu za kompyuta, akaziacha kwa sababu ya kazi na ulezi, na sasa anataka kurudi lakini kila akifungua duka la mtandaoni anakutana na maelfu ya majina asiyoyajua. Mimi niliishia kwenye Commandos, Age of Empires II na FIFA 07. Tangu mwaka 2010 sikugusa kitu isipokuwa vijigemu vya simu vya kupitishia foleni ya benki. Masharti niliyojiwekea ni kwamba gharama zote, kompyuta ikiwemo, zisizidi shilingi 800,000. Kila kitu kifanyike nyumbani Makorora kwa umeme na intaneti tuliyonayo. Na gemu zitakazobaki mwishoni ziwe zile ambazo mtu mwenye kazi ya mchana anaweza kuzicheza baada ya isha bila kuvuruga ratiba ya nyumba.

7 Juni 2025: Kompyuta

Nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba, ya aina zile zinazotoka maofisini Ulaya, katika duka moja la Ngamiani kwa shilingi 420,000. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha sita, SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) ya GB 256 na RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 8. Haina kadi ya picha inayojitegemea. Picha zote hutengenezwa na Intel HD Graphics 520 iliyomo ndani ya prosesa. Hilo la mwisho ndilo litakaloamua karibu kila kitu huko mbele, kwa hiyo anayetaka kunakili mradi huu alitazame kabla hajatazama uzuri wa kasha.

Kwa majaribio nilipakua 0 A.D., gemu ya bure ya kujenga himaya na kupigana vita, iliyoanza mwaka 2001 kama wazo la kurekebisha Age of Empires II. Mwanzo ilikwenda vizuri, lakini majeshi mawili yalipokutana skrini ikaanza kukwama. Muuzaji alisema tatizo ni nafasi, akataka kuniuzia SSD kubwa zaidi. Sikukubaliana naye. HD 520 haina kumbukumbu yake yenyewe, bali huazima RAM ya kompyuta, na RAM yangu yote ilikuwa katika kipande kimoja ilhali ubaoni kuna nafasi mbili. Kipande kimoja cha RAM ya aina yangu, DDR4 ya 2133, hupitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi pamoja njia huwa mbili, na kiwango hicho hufikia GB 34. Kipande cha pili cha GB 8 kiligharimu shilingi 45,000, na vita ileile iliyokuwa ikikwama ikawa inachezeka. Kwa kompyuta ya aina hii, hakuna fedha nyingine iliyoleta tofauti kubwa kiasi hicho.

Fundi alisafisha feni na kubadilisha pesti inayotoa joto kwenye prosesa kwa shilingi 15,000. Joto la Tanga halina huruma, na prosesa ikizidi kuchemka hupunguza mwendo wake yenyewe. Kwa hiyo gharama hiyo isiachwe, hata kama mashine inaonekana safi kwa nje.

14 Juni: Diski za zamani

Jambo la kwanza linalomjia mtu anayerudi ni kucheza kile alichokipenda. Nilitoa diski zangu kabatini, nikaazima kisomeo cha DVD cha kuchomeka kwa USB kwa sababu kompyuta mpakato za sasa nyingi hazina, nikaanza. Gemu moja ilikataa kufunguka kabisa, nyingine ilifunguka ikiwa na rangi za ajabu.

Sababu si uchakavu wa diski. Gemu nyingi za miaka ile zililindwa dhidi ya kunakiliwa kwa programu iitwayo SafeDisc, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 iliikataa kwa sababu za kiusalama. Hapo zimo njia mbili. Mtandaoni kuna faili za kuvunja kinga hiyo, ambazo wengi wetu tulizitumia tukiwa vyuoni na ambazo mara nyingi huja na virusi vyake. Nyingine ni kuinunua upya gemu ileile katika duka la GOG, lililoanza mwaka 2008 kwa kazi hiyohiyo ya kufufua gemu za zamani na kuziuza bila kinga. Faida yake kwa mtu wa bando ni kwamba faili la kusakinisha ukishalipakua ni lako: unaliweka kwenye flashi, na halitadai intaneti tena.

Commandos ya kwanza, ile iliyotengenezwa na Pyro Studios ya Hispania mwaka 1998, niliipata huko kwa bei ya sahani ya wali na samaki. Inafanya kazi. Tatizo lilikuwa jingine: mkono umesahau. Kila askari ana vitufe vyake, adui akigeuza shingo kazi ya nusu saa inaharibika, na uvumilivu niliokuwa nao wakati ule ulitokana na kuwa na Jumamosi nzima mbele yangu. Nimeibakiza kwenye kompyuta kwa heshima, lakini siihesabu kama jibu la mradi.

28 Juni: Duka, dola na kadi

Msimu wa punguzo la kiangazi la Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, mwaka 2025 ulikuwa kati ya tarehe 26 Juni na 10 Julai, kwa hiyo huo ndio ulikuwa wakati wa kununua. Bei kwa mtu aliyeko Tanzania huonekana kwa dola za Marekani. Kwa kiwango cha Juni 2025 cha karibu shilingi 2,600 kwa dola, gemu ya dola 14.99 ilikuwa karibu shilingi 39,000.

Nililipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa ndani ya huduma ya pesa za simu. Malipo ya kwanza ya Steam yalikataliwa, kwa kuwa salio nililoweka lilikuwa sawasawa na hesabu niliyoipiga kwa kiwango cha dola nilichokiona mtandaoni, wakati kadi hutumia kiwango chake na makato yake. Niliongeza kama asilimia kumi juu ya bei, malipo yakapita.

Ununuzi wa kwanza huko Steam ulikuwa Cities: Skylines, gemu ya kujenga na kuendesha mji, iliyotoka mwaka 2015 kutoka kwa Colossal Order ya Finland. Hapa pana mtego ambao ningependa msomaji aukwepe. Steam hurudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 tangu kununua, mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Gemu ya kujenga mji, kwa maumbile yake, huwa nyepesi mwanzoni: una barabara tatu na nyumba chache, kila kitu kinateleza. Uzito huja baadaye, wakazi wakiwa maelfu, na wakati huo saa 2 zimekwisha pita. Ukiiacha imesimama ukaenda kula, muda huo nao unahesabiwa, kwa sababu kinachopimwa ni programu kuwa wazi.

Nilichofanya ni kupakua mji mkubwa uliokwisha kujengwa na mchezaji mwingine, ambao Steam huruhusu kuuchukua bure, nikaufungua mapema kabla ya kuanza wangu. Mashine ilihema, magari yakawa yanaruka badala ya kutembea. Niliomba fedha zirudi, zikarudi, nikachagua ziingie kwenye pochi ya Steam badala ya kadi ili nisipoteze tena kwenye makato. Kwa gemu yoyote inayokua kadiri unavyocheza, anza majaribio kutoka mwisho.

Kuhusu bando: ndani ya mipangilio ya Steam unaweza kuamuru masasisho yafanyike saa fulani tu. Yangu nimeyaweka usiku wa manane, kifurushi cha usiku kinapotumika. Kabla ya hapo gemu moja ilijisasisha mchana na kumaliza bando la wiki bila kuniuliza.

12 Julai: Stardew Valley na umeme

Stardew Valley ilitoka mwaka 2016, ikiwa imetengenezwa na mtu mmoja, Mmarekani Eric Barone. Unarithi shamba la babu, unalima, unafuga, unavua, unajuana na wanakijiji. Ni nyepesi kwa mashine na nyepesi kwa bando, na kila anayeulizwa mtu aanze na gemu gani huitaja.

Siku moja ndani ya gemu huchukua kama dakika 14 za saa ya ukutani. Jambo ambalo wasifiaji hawalitaji, kwa kuwa huko waliko haliwahusu, ni kwamba gemu huhifadhi maendeleo yako pale tu mhusika anapopanda kitandani kulala. Kati ya asubuhi na usiku hakuna pa kuhifadhi. Usiku mmoja nilikuwa nimekwisha vuna koliflawa, nimenywesha mimea yote kwa ndoo, nimeshuka mgodini na kupata madini niliyokuwa nikiyatafuta, umeme ukakatika. Betri ya mtumba, ambayo dukani ilionyesha imejaa, ilizima kabla sijapata hata kuifikia ngazi. Nilipowasha tena, koliflawa zilikuwa bado zimo ardhini.

Dakika kumi si kitu, lakini tukio hilo lilibadilisha swali zima la mradi. Mpaka hapo nilikuwa nauliza gemu ipi ni nzuri, na kwa swali hilo majibu ni mengi mno kiasi cha kutosaidia. Swali linalochuja kweli ni hili: gemu hii inaniruhusu kuinuka lini, na nikiinuka ghafla napoteza kiasi gani? Mtoto akiamka analia, jirani akibisha hodi, umeme ukienda, kila gemu ina jibu lake, na jibu hilo huwa halijaandikwa kwenye ukurasa wa duka. Ilinibidi nilitafute kwa kusoma maelezo ya wachezaji, neno la kutafuta likiwa ni namna ya kuhifadhi.

Betri mpya iligharimu shilingi 70,000. Tangu hapo umeme ukikatika ninapata muda wa kumlaza mhusika.

Kwa upande wangu Stardew nimeiacha. Baada ya kutwa nzima ya hesabu za watu, kukaa tena kupiga hesabu za mbegu na faida ni kujiongezea zamu. Mke wangu ndiye aliyeirithi, na shamba lake limelipita langu mbali. Analalamikia jambo moja tu, kwamba kuku wa humo hawapati kideri, kwa hiyo mtengenezaji hajawahi kufuga.

2 Agosti: Gemu kubwa zinazosifiwa

Hatua hii ni fupi kwa sababu matokeo yalijulikana mapema. Red Dead Redemption 2 huhitaji nafasi ya GB 150 kwenye diski, yaani zaidi ya nusu ya SSD yangu na bando ambalo lingezidi bei ya gemu yenyewe; na hata ingeingia, HD 520 haiiwezi. The Witcher 3 ya mwaka 2015 hukadiriwa kuchukua saa 50 hivi kwa hadithi kuu peke yake. Kwa mwendo wangu ningeimaliza mwakani, nikiwa nimesahau nani ni nani.

Football Manager, gemu ya kuwa kocha wa timu ya mpira, ilinipa shida zaidi kuikataa. Toleo la 2025 lilifutwa na watengenezaji wake, Sports Interactive, mwezi Februari 2025, kwa hiyo lililokuwa likiuzwa wakati huo ni la 2024. Niliijaribu kwenye kompyuta ya rafiki yangu na mashine kama yangu inaiweza. Ligi ya Tanzania haimo miongoni mwa zinazochezwa bila kuongeza faili za mashabiki, hivyo aliyetarajia kuirudisha Coastal Union kwenye utukufu wa 1988 itabidi atafute faili hizo kwanza. Lakini kilichoniondoa ni lile swali la kuinuka. Inahifadhi wakati wowote, kasoro iko kwa mchezaji: hakuna mahali inapokupa sababu ya kuacha, kwa kuwa kila mechi inaita nyingine, na rafiki yangu aliniambia hivyohivyo huku macho yakiwa mekundu.

30 Agosti: Gemu za awamu fupi

Kuna aina ambayo katika miaka yangu ya uchezaji ilikuwa bado haijaenea hivi: unaanza safari mpya kila mara, unachukua njia tofauti, ukishindwa unaanza upya, na safari nzima haizidi saa moja au mbili. Nilichukua mbili.

Slay the Spire, iliyokamilika mwaka 2019, ni ya kupanda mnara huku ukipigana kwa karata unazozikusanya njiani. Gemu hii huhifadhi unapoingia kila chumba; ukizima katikati ya pambano, ukirudi unalianza pambano hilo tu, si safari nzima. Hakuna haraka, zamu yako inakungoja hata ukienda kuswali na kurudi. Inatumia panya wa kompyuta tu, na panya wa shilingi 12,000 alitosha. Hii imekuwa gemu yangu ya siku za kazi.

Balatro ya mwaka 2024, kazi ya mtu mmoja wa Kanada anayejiita LocalThunk, inahitaji nafasi ya MB 150 tu, na kwa mtazamo wa kiufundi haina mpinzani katika mradi huu. Unapanga karata kwa jozi au kwa mfululizo, kisha unakusanya karata za ziada zinazovunja kanuni. Shida ilikuwa ya kijamii. Mama mkwe alikuja kututembelea, akaona kwenye skrini kopa na shupaza zimepangwa juu ya zulia la kijani, akauliza kwa upole, "Baba, na wewe umeingia huko?" Nilimweleza kwamba hakuna fedha inayowekwa wala kutolewa, na hata shirika la PEGI, linalopanga umri wa wachezaji kule Ulaya, lililokuwa limeipa alama ya miaka 18, liliishusha hadi 12 mwezi Februari 2025. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema bao lipo barazani na mashimo yake 32, na halihitaji maelezo marefu namna hiyo. Balatro nachezea chumbani.

20 Septemba: OpenTTD na mpwa wangu

Mpwa wangu wa kidato cha pili alikuja likizo na kuuliza swali la haki: "Mjomba, gemu zako zote mbona za kucheza peke yako?" Nilitafuta ya watu wawili isiyodai intaneti, nikaangukia OpenTTD. Ni ya bure kabisa, imejengwa upya kutokana na Transport Tycoon Deluxe ya miaka ya tisini, ina ukubwa wa makumi ya MB, inahifadhi wakati wowote, na kompyuta mbili huungana kwa simu iliyowashwa kama kituo cha Wi-Fi bila kula bando. Lengo ni kuendesha kampuni ya usafiri: malori, meli, na hasa treni.

Tulibadilisha majina ya miji ikawa Tanga, Muheza, Korogwe na Mombo, kufuata reli ya kweli iliyoanza kujengwa hapa mwaka 1893, kisha tukakwama kwenye ishara za reli. Treni ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili vizuri, ya tatu ikasimama kwenye njia panda nje ya Muheza, na nyuma yake zikapangana nyingine zote mpaka biashara ikafa. Mpwa alipendekeza kuongeza ishara, tukaziongeza, hali ikawa mbaya zaidi.

Kanuni tuliyoifikia baada ya kubomoa na kujenga upya ni rahisi. Ishara ikae kabla ya njia panda, iwe ya aina inayoitengea treni njia yake yote kabla ya kuiruhusu kuingia. Baada ya njia panda usiweke ishara yoyote mpaka pawe na urefu unaotosha treni nzima, la sivyo kichwa kitasimama kwenye ishara na mkia utabaki umeziba makutano. Sisi ishara zetu za nyongeza tulikuwa tumeziweka hapohapo palipokatazwa.

Gharama ya hatua hii ni sifuri, na ndiyo iliyochezwa zaidi ya zote.

18 Oktoba: Windows 10 imefikia ukomo

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba, na prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, inayoanzia kizazi cha nane. Microsoft inatoa masasisho ya usalama ya ziada kwa mwaka mmoja, lakini niliona heri kujaribu mapema Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, nikaisakinisha kwenye sehemu tofauti ya SSD.

OpenTTD, Stardew Valley na Slay the Spire zina matoleo ya Linux, zikafunguka bila maswali. Balatro haina, lakini Steam ina Proton, programu iliyoletwa mwaka 2018 ili gemu za Windows zifanye kazi kwenye Linux, na kwa hiyo nayo imefunguka. Commandos ilisumbua: skrini ilibaki nyeusi na sauti ya bunduki ikisikika, na mpaka sasa naichezea upande wa Windows, intaneti ikiwa imezimwa.

Hesabu hadi leo: kompyuta, RAM, pesti, betri na panya shilingi 562,000; gemu zote shilingi 95,000; bando la kupakulia takriban shilingi 60,000. Jumla ni shilingi 717,000. Katika shilingi 83,000 zilizobaki nitanunua padi ya kushika mikononi ya kuchezea, kwa ajili ya Aurion: Legacy of the Kori-Odan, gemu ya mapigano iliyotengenezwa na Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, na kutoka mwaka 2016. Mpwa ameshaichagua kwa ajili ya likizo ya Desemba. Kabla ya kulipa, nitaangalia kwanza inavyohifadhi.